Haki ya Kutoa Kauli katika Miradi ya Programu Huria: Uchunguzi wa Kihistoria

Programu huria, yaani programu za tarakilishi ambazo msimbo wake umeachwa wazi ili yeyote ausome, aubadili na kuugawa, aghalabu husifiwa kwa uhuru wake. Husemwa kwamba ndani ya miradi inayozitengeneza hakuna bwana wala mtwana, na kwamba afanyaye kazi ndiye akataye shauri. Usemi huu una ukweli, lakini ni ukweli nusu. Kabla ya kukubali kwamba mfanyakazi ndiye mwamuzi, hapana budi kuuliza ni kazi ipi iliyohesabiwa kuwa kazi, ilihesabiwa na nani, na aliyeifanya alikabidhiwa nini baada ya kuifanya. Makala haya yanakusudia kuyafuata maswali hayo katika historia ya miradi michache, na hasa mradi wa Debian, ambao uliandika katiba yake mapema na umehifadhi hadharani mijadala na kura zake, hata mwanahistoria hakosi ushahidi.

Chanzo cha utata kimo katika leseni zenyewe. Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU tarehe 27 Septemba 1983, na baadaye leseni yake ya umma ilipotolewa mwaka 1989, hoja yake ilihusu haki za mtumiaji: aendeshe programu, aichunguze, airekebishe, awagawie wenziwe. Leseni ilieleza kwa makini yale ambayo mgawaji haruhusiwi kuwanyima wengine. Haikusema lolote juu ya nani ataamua kitakachoingizwa katika toleo lijalo. Kwa hiyo mtu asiyeridhika alipewa haki ya kuondoka na nakala yake na kuanzisha mradi mwingine, wala hakupewa haki ya kusikilizwa akibaki. Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alipoutangaza mfumo wake mwaka 1991, hakuhitaji katiba. Watu walimpelekea viraka vya msimbo, akavikubali au akavikataa. Wengi waliridhika kwa sababu walimwona hodari na mwepesi wa kujibu. Hata kazi ilipomzidi akawa na wasaidizi waliosimamia sehemu mbalimbali, viraka havikupigiwa kura. Vilipita mkono kwa mkono mpaka kwake.

Utaratibu wa kura ulianzia kwingine. Katika Chuo Kikuu cha Illinois palikuwa na programu ya kuhudumia kurasa za mtandao, na mwandishi wake mkuu alipoondoka mwaka 1994 programu ilibaki yatima. Watu waliokuwa wakiitumia katika kazi zao walianza kubadilishana viraka, na mwaka 1995 wanane kati yao wakaunda kundi lililojiita Apache. Hapakuwa na mkuu miongoni mwao, wala hawakuweza kukutana, kwa kuwa kila mmoja aliishi mbali na mwenziwe. Wakaamua kupiga kura kwa barua pepe: aliyekubali aliandika jumlisha moja, asiyejali sifuri, na aliyepinga toa moja. Kwa mabadiliko ya msimbo, toa moja ya mtu mmoja, ikiwa imeambatana na sababu ya kiufundi, ilitosha kulizuia jambo. Mtu yeyote aliyesoma barua hizo aliweza kutoa maoni yake, lakini kura iliyofunga shauri ilikuwa ya wanakundi tu, na mgeni aliingia kundini kwa kualikwa na waliomo baada ya kazi yake kuonekana. Msomaji wa Afrika Mashariki atauona mfano wa vikao vya wazee, ambamo vijana huruhusiwa kusema mpaka wachoke, ila wakati wa kukata shauri hutakiwa wanyamaze. Tofauti ni kwamba hapa uzee ulipimwa kwa viraka.

Mradi wa lugha ya Python ulidumu zaidi chini ya mtu mmoja. Guido van Rossum aliianza kazi hiyo Desemba 1989 huko Amsterdam, akaitoa hadharani Februari 1991, na mwaka 1995 wenzake wakamtunukia cheo cha utani: Dikteta Mwema wa Maisha. Utani ule ukawa sheria. Kuanzia mwaka 2000 kila pendekezo kubwa liliandikwa kwa mfumo maalumu, likapewa nambari na kujadiliwa hadharani, na kila mtu aliweza kuandika. Lakini neno la mwisho lilikuwa lake au la yule aliyemteua. Mwaka 2018 pendekezo la 572, lililohusu alama ndogo tu ya kuipa thamani jina katikati ya usemi wa msimbo, lilizua ubishi mkali. Van Rossum alilikubali. Tarehe 12 Julai akawaandikia wenzake kwamba hataki tena kupigania pendekezo hivyo, halafu aone wengi wanauchukia uamuzi wake. Anajiuzulu, na wala hateui mrithi. Aliwaachia swali watawaliwe vipi sasa, kwa demokrasia, kwa dikteta mwingine, au bila utawala wowote.

Ilichukua miezi mitano kulijibu. Mapendekezo saba yaliandikwa, na Desemba 2018 likashinda la baraza la watu watano watakaochaguliwa upya kila toleo jipya la lugha litokapo. Katika uchaguzi wa kwanza, mwanzoni mwa 2019, van Rossum mwenyewe alikuwa mmoja wa watano hao, na miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja, Carol Willing. Mambo mawili yafaa kuangaliwa hapa. La kwanza ni sharti kwamba watu walioajiriwa na kampuni moja wasizidi wawili barazani. Sharti hilo ni ungamo. Lakubali kwamba mwenye nafasi ya kufanya kazi nyingi, na hivyo ya kuonekana na kuchaguliwa, ni yule ambaye kampuni imemlipa ili aifanye, na kwamba ule usemi wa afanyaye kazi ndiye aamuaye unaweza kumaanisha kuwa alipaye mshahara ndiye aamuaye. La pili ni wapiga kura wenyewe. Lugha hiyo hutumiwa na mamilioni ya watu, lakini waliostahili kupiga kura mwaka huo hawakufika mia moja, nao ni wale waliokwisha kupewa ruhusa ya kuugusa msimbo mkuu kwa mikono yao.

Debian ilianza kwa njia iyo hiyo ya mtu mmoja. Ian Murdock, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Purdue katika jimbo la Indiana, aliutangaza mradi tarehe 16 Agosti 1993, kwa jina aliloliunga kutokana na la mchumba wake Debra na lake mwenyewe. Nia ilikuwa kukusanya programu huria za kila namna na kuzifunga katika vifurushi vinavyopatana, kila kifurushi kikiwa na mtunzaji wake. Mwaka 1996 Murdock alimkabidhi uongozi Bruce Perens, kama mtu amrithishavyo mwanawe shamba, na Julai 1997 mradi ukapitisha Mkataba wa Kijamii, ambao ndani yake uliwaahidi watumiaji kwamba utabaki huria. Watumiaji waliahidiwa mengi katika mkataba huo, ila kura haimo.

Katiba ilipatikana tarehe 2 Desemba 1998, wakati Ian Jackson alipokuwa kiongozi. Ni andiko la ajabu kidogo, na lastahili kusomwa hata na wasiojua chochote juu ya tarakilishi. Kiongozi huchaguliwa kila mwaka na wanachama, lakini mamlaka yake ni machache. Kila mtunzaji ni mkuu katika kifurushi chake. Mabishano ya kiufundi yasiyosuluhishika hupelekwa kwa kamati ya watu wasiozidi wanane. Juu ya wote wapo wanachama wenyewe, ambao kwa azimio la jumla wanaweza kuutengua uamuzi wa kiongozi au wa kamati. Na ili azimio lifike kurani, mwenye kulitoa ahitaji wenzake watano tu wa kumuunga mkono. Akidi imewekwa chini mno: katika mradi wa watu elfu moja, wapiga kura wapatao 48 wanatosha. Mpiga kura hachagui jambo moja, bali huyapanga yote kwa mfuatano wa mapenzi yake, kisha kila jambo hulinganishwa na jingine, moja kwa moja, mpaka apatikane mshindi. Siku zote karatasi ya kura huwa na nafasi ya kuyakataa yote. Mgombea asiyeishinda nafasi hiyo tupu huanguka, hata kama hana mpinzani.

Lakini kifungu chenye uzito kuliko vyote ni kile cha mwanzoni kisemacho kwamba katiba haimlazimishi mtu yeyote kufanya kazi. Mwanachama asiyependa kazi aliyopewa anaweza kuiacha. Anachokatazwa ni kuyapinga kwa vitendo maamuzi yaliyokwisha kupitishwa. Hapa ndipo demokrasia ya Debian inapoachana na ile ya dola. Serikali ikipitisha sheria, yupo karani anayelipwa ili aitekeleze. Katika mradi wa watu wa kujitolea, wengi wanaweza kushinda kura kisha wakakuta hapana mtu wa kuifanya kazi waliyoipitisha. Uongozi wenyewe umewahi kukosa wa kuutaka: mwaka 2019 muda wa kujiandikisha wagombea ulimalizika bila jina hata moja, ikabidi uongezwe wiki.

Udhaifu na nguvu za mfumo huu vilionekana pamoja mwaka 2014. Swali lilihusu programu iziamshayo programu nyingine tarakilishi iwashwapo. Upande mmoja ulitaka iliyokuwa mpya, iitwayo systemd. Upande wa pili uliona kwamba programu hiyo imejitwalia kazi nyingi mno na itawafunga watunzaji wengine. Shauri likafika kwenye kamati ya kiufundi. Wajumbe wanane wakagawanyika wanne kwa wanne, na Februari mwenyekiti, Bdale Garbee, akatumia kura yake ya turufu kuipitisha systemd. Wasioridhika walidai azimio la jumla, likafanyika Novemba. Jibu lililoshinda lilikuwa kwamba azimio halihitajiki! Wanachama walikuwa wamepewa nafasi ya kukata shauri, wakatumia kura kusema kwamba hawapendi mambo ya namna hii yakatwe kwa kura. Ian Jackson, aliyekuwa kiongozi katiba ilipopitishwa, alijiuzulu kutoka kamatini mwezi huo huo. Wengine, mwezi huo huo pia, walitangaza kujitenga na kuanzisha mradi uitwao Devuan, ambao toleo lake la kwanza kamili lilitoka Mei 2017. Yaani miaka miwili na nusu ilipita ndipo haki ile ya kuondoka, ambayo kwenye karatasi ya leseni ni ya kila mtu na ya papo kwa papo, ilipozaa tunda. Asiye na wenzi wala muda hawezi kuitumia.

Hata hivyo, mabishano yote hayo yalikuwa baina ya watu waliokuwa na kauli tayari. Swali gumu zaidi ni la waliokuwa nje. Kwa miaka mingi uanachama wa Debian ulimaanisha ufunguo: mwanachama alikuwa mtu aliyeruhusiwa kupandisha vifurushi katika hazina ya mradi, na kura yake ilifuata ruhusa hiyo. Aliyetafsiri, aliyeandika vitabu vya maelezo, aliyechora, aliyejibu maswali ya wageni usiku na mchana, alikuwa msaidizi. Aliweza kusema. Hakuhesabiwa. Oktoba 2010 jambo hilo lilipelekwa katika azimio la jumla, na wanachama wakakubali kwamba wanaochangia bila kutunza vifurushi wapokewe kuwa wanachama kamili, wapige kura na wagombee uongozi, bila kupewa ruhusa ya kupandisha vifurushi. Hivyo kura na ufunguo vikatenganishwa kwa mara ya kwanza. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu katiba ipitishwe.

Umuhimu wa uamuzi huo huonekana vyema kwa kuangalia kazi ya mtafsiri, na katika jambo hili Kiswahili ni shahidi mzuri. Mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux, ulioshirikiana na wataalamu kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisini kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilidai kuundwa au kuchaguliwa kwa istilahi nyingi. Ilifungamana, hata hivyo, na mradi ambao jina lake lilimilikiwa na kampuni ya Marekani ya Sun Microsystems. Januari 2010 kampuni hiyo ikanunuliwa na Oracle, na Septemba mwaka huo wanamradi wengi wakajitenga na kuanzisha LibreOffice chini ya wakfu wao wenyewe. Wakfu ule, tofauti na Debian ya awali, tangu mwanzo uliwakubali watafsiri kuwa wanachama wenye kura, na ukaweka kikomo cha viti ambavyo watu wa kampuni moja wanaweza kuvishika.

Lakini kwa nini mtafsiri atake kura? Yamkini mtu atasema kwamba kazi yake ni kupokea maneno ya Kiingereza na kuyarudisha yakiwa ya Kiswahili, na kwamba jinsi programu inavyoundwa haimhusu. Anayesema hivyo hajawahi kutafsiri programu. Mwandishi wa msimbo afikiriaye kwa Kiingereza huandika neno moja lenye maana ya kufutwa, kisha huliunganisha na jina lolote litakalotokea. Katika Kiswahili faili tatu zimefutwa, vitabu vitatu vimefutwa, watumiaji watatu wamefutwa, na maneno matatu yamefutwa. Mtafsiri ameletewa kisanduku kimoja, naye anayo maneno manne ya kutia ndani. Chombo kitumikacho sana katika kazi hii, gettext cha mradi wa GNU, kinajua habari za idadi: kinaweza kuzitunza sura sita za wingi za Kiarabu na tatu za Kipolandi. Ngeli hakizijui. Mtafsiri asiye na kauli huishia kukwepa, akaandika mfano wa idadi iliyofutwa ni 3, sentensi ambayo haina kosa la sarufi wala haina Mswahili aisemaye. Dawa halisi ni kuugawa ujumbe ule ndani ya msimbo wenyewe, ili kila jina liwe na sentensi yake. Kufanya hivyo si kazi ngumu, ila kwahitaji mtu mwenye ufunguo akubali kwamba ni kazi ya lazima, na ombi la mtafsiri hukaa katika orodha pamoja na maombi mengine mamia.

Wanafunzi wa historia ya Kiswahili hawatashangaa. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, wala si Kimvita cha mji uleule uliouandalia mkutano. Na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kuyasimamia maamuzi hayo, viti vyake vya mwanzo vilikaliwa na maofisa wa elimu na wamisionari. Mombasa ilikuwa na washairi na masheikh waliokuwa wakiitunga na kuichambua lugha hiyo kabla ya shule za serikali kuwapo. Waliendelea kuisema watakavyo, kwa kuwa hapana aliyeweza kuwazuia. Walikuwa huru kama alivyo huru mwenye nakala ya msimbo. Vitabu vya shule vilichapishwa bila wao. Isije ikadhaniwa kwamba mambo haya mawili ni mamoja, maana kamati ile ilikuwa chombo cha utawala wa kikoloni na miradi ya programu huria ni ya watu wa hiari. Kinachofanana ni pengo lililoko baina ya kukitumia kitu na kuwa na kauli juu yake.

Kwa upande wa Debian, mlango uliofunguliwa mwaka 2010 una kizingiti chake. Mijadala huendeshwa kwa Kiingereza. Anayetaka uanachama hujaribiwa kwa muda juu ya falsafa na taratibu za mradi. Tena, ili mradi usije ukaingiliwa na mtu wa kujisingizia, utambulisho wake umejengwa juu ya ufunguo wa siri wa kitarakilishi, na kwa desturi ufunguo huo hutiwa sahihi na mwanachama wa zamani baada ya kuonana naye ana kwa ana na kutazama kitambulisho chake. Sharti hili lina busara, wala halikuwekwa ili kumzuia Mwafrika. Lakini kwa kijana wa Berlin ni jambo la jioni moja. Mtafsiri wa Kitale au wa Bukoba atangoja mwanachama apite njia hiyo, au ajikusanyie nauli. Mikutano ya kila mwaka ambako sahihi hizo hupatikana kwa wingi ilianza Bordeaux mwaka 2000, ikazunguka Ulaya na Amerika na kwingineko. Barani Afrika ulifanyika wa kwanza Julai 2016, huko Cape Town.